Nina miaka 27 na sina ugonjwa wowote. Je, nichanjwe Mpox?

"Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Mombasa, nauza vifaa vya simu mjini. Tangu nizaliwe sijalazwa hospitali, sina sukari wala presha. Mchumba wangu ni dereva wa trela, hupeleka mizigo Kampala na mara nyingine Kigali. Kazini kwao wameambiwa kuna chanjo mpya ya Mpox. Yeye anasema hachanjwi ng'o, kwa sababu ni kijana mwenye nguvu zake na ugonjwa huo ni wa watu wenye maisha mabaya. Basi nikaona nikachanjwe mimi nijikinge. Lakini shangazi kaniambia chanjo za siku hizi zinafunga kizazi, na sisi tunaoana mwishoni mwa mwaka na tunataka mtoto mapema. Mama naye anasema nisihangaike, nina kovu la chanjo ya ndui mkononi tangu utotoni, na yeye analo. Nichanjwe au niache? Na sindano yenyewe haiwezi kuniletea huo ugonjwa?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni moja lakini ndani yake nawasikia watu wanne wakizungumza: wewe, mchumba, shangazi na mama. Nitatanguliza jibu ili usisome roho ikiwa juu, kisha nikueleze nimelipataje. Wewe mwenyewe, kwa maisha uliyonieleza, huna haja ya kukimbilia chanjo hii leo. Anayepaswa kuwa mbele kwenye foleni ni mchumba wako. Na jibu langu kwako litabadilika siku atakayorudi safari akiwa na kipele asichokielewa.

Tuanze na hili la afya, maana ndipo nyote wawili mlipoteleza. Yeye anasema hachanjwi kwa kuwa ana nguvu. Wewe unanitajia kutolazwa kwako kana kwamba hilo ndilo litakaloamua. Virusi vya Mpox havimpimi mtu presha kabla ya kumwingia. Hupita pale ngozi yenye kipele inapogusana na ngozi nyingine, au na utando laini wa mdomo na sehemu za siri, na hukaa pia kwenye shuka na taulo alizotumia mgonjwa. Nguvu za mwili zina kazi yake, ila kazi hiyo huanza baada ya kuambukizwa. Kijana mzima kwa kawaida huugua akapona. Mtoto mdogo, mjamzito, au mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa anaweza kuzidiwa. Ndiyo maana mtu akija kwangu na swali kama lako, namuuliza kwanza anagusana na nani, na huyo naye huko aliko anagusana na nani.

Kuna kisa cha jirani zetu ambacho nakikumbuka kila ninaposikia neno "nina nguvu". Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alipanda gari kuwaelekeza njia watu waliokuwa wakisafirisha watoto wawili wenye ndui. Ilikuwa safari ya dakika chache. Alikuwa mzima wa afya na alifanya kazi palepale hospitalini, lakini hakuwa na kinga ya chanjo; baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliikwepa sindano kwa kuwa aliona kama inauma. Akaugua, akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Uzeeni alikuwa akizunguka kuwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao polio, na alikuwa kwenye kazi hiyohiyo alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Sikwambii haya ili uogope kupanda matatu: ndui ilikuwa ikiambukiza kwa wepesi kuliko Mpox. Lakini mwili wa Maalin haukuwa na kasoro yoyote. Kilichomponza ni kiti alichokalia kwa dakika zile.

Sasa huu ugonjwa wenyewe. Mpox ni ndugu wa ndui, wa ukoo mmoja wa virusi. Uligunduliwa kwa nyani wa maabara jijini Copenhagen mwaka 1958, na ndiyo asili ya lile jina la ndui ya nyani lililotumika hadi Shirika la Afya Duniani lilipolibadilisha Novemba 2022. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuugua alikuwa mtoto wa miezi 9 nchini Kongo, mwaka 1970. Kwa miongo mingi ulibaki ugonjwa wa vijiji vya msituni. Mambo yaligeuka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini nchini Kongo, ambako kuanzia Septemba 2023 ulionekana ukipita kati ya watu wazima, mara nyingi kwa kujamiiana, ukiletwa na tawi la virusi ambalo wataalamu walilipa jina la Ib. Kutoka hapo ulifuata barabara. Kufikia mwisho wa Julai 2024 ulikuwa umeonekana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mgonjwa wetu wa kwanza aligunduliwa mpakani Taita Taveta, msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Tanzania ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025.

Utasikia pia kwamba "Mpox imekwisha". Dharura ya kimataifa iliyotangazwa tarehe 14 Agosti 2024 iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, hilo ni kweli. Lakini polisi wakiondoa kizuizi barabarani, magari hayajaacha kupita.

Mchumba wako anasema ni ugonjwa wa maisha mabaya. Nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili. Ni kweli kwamba kwa watu wazima wa eneo letu kujamiiana kumekuwa njia kubwa ya maambukizi, na ndiyo maana madereva wa masafa marefu na wanawake wanaouza ngono kwenye vituo vya malori wamewekwa mbele katika mipango ya chanjo. Lakini dereva hulala kwenye kitanda cha gesti ambacho jana alilala mwingine. Hugawana kabini ya lori na utingo wake, blanketi moja, taulo moja, foleni ya mpaka wa Malaba ikigoma siku mbili. Mtu anaweza kupata Mpox hapo bila kufanya lolote la kumwonea haya mkewe. Haya ndiyo yanayowafanya watu wafiche vipele chini ya shati la mikono mirefu, na kipele kilichofichwa huambukiza kuliko kilichooneshwa. Kwa hiyo ukizungumza naye, usilifanye kuwa la uaminifu. Lifanye kuwa la kazi, kama mkanda wa usalama na taa za breki.

Kovu la mama na lako sasa, na hapa nitambishia mama kwa heshima. Lake naliamini. Mimi pia ninalo, nilichanjwa ndui nikiwa mtoto. Lakini wewe umezaliwa miaka mingi baada ya dunia kutangazwa huru na ndui mwaka 1980, na kufikia hapo chanjo ile ilikuwa imeachwa au inaachwa kila mahali. Kovu lako, kwa karibu uhakika wote, ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga. Angalia mahali lilipo: hapa Kenya BCG huchomwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko, ilhali ya ndui kwa wengi iko juu, karibu na bega. BCG haikukingi na Mpox hata kidogo. Ya ndui, ndiyo: uchunguzi uliofanywa Kongo katika miaka ya 1980 ulikadiria kwamba waliochanjwa ndui walikuwa na kinga ya takriban asilimia 85 dhidi ya ugonjwa huu. Kwa hiyo katika hali hii ya ajabu, mama yako mwenye magoti mabovu huenda ana silaha ambayo wewe na mchumba wako hamna. Kizazi chote cha chini ya miaka arobaini na kitu kimekuwa uwanja mtupu kwa virusi vya ukoo huu, na hiyo ni sababu mojawapo ya Mpox kupata nafasi.

Tuje kwenye sindano. Chanjo iliyotumika zaidi katika nchi zetu inaitwa MVA-BN, inatengenezwa na kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark. Ni mpya kwetu, lakini asili yake ni ya zamani kuliko wewe. Wataalamu wa Munich wakiongozwa na Anton Mayr walichukua virusi vya chanjo ya ndui vilivyotoka Ankara, Uturuki, wakavikuza ndani ya seli za kiinitete cha kuku, wakavihamisha kutoka seli hizi hadi nyingine zaidi ya mara 570. Katika kuhamahama huko virusi vilipoteza karibu asilimia 15 ya vinasaba vyake, na pamoja navyo uwezo wa kuzaliana ndani ya mwili wa binadamu. Miaka ya 1970 zaidi ya watu 100,000 wa Ujerumani walichanjwa kwa virusi hivyo. MVA-BN yenyewe iliidhinishwa Ulaya mwaka 2013 kwa ajili ya ndui, Marekani mwaka 2019 kwa ndui na Mpox, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha Septemba 2024. Mwezi uliofuata watu walianza kuchanjwa Goma, Kongo.

Ndani ya mwili inafanyaje? Muulize mchumba wako lori lililong'olewa giaboksi likoje. Ufunguo unazungusha, injini inanguruma, taa zinawaka, honi inalia, lakini haliendi popote. Virusi vya chanjo huingia kwenye seli chache pale sindano ilipochoma, vikatoa protini zao, na hapo safari ikaishia. Askari wa mwili wanakuja kwa kelele hizo, wanalikagua lori lote, wanakariri umbo lake na namba zake. Baadhi ya seli hutengeneza kingamwili za kunasa virusi vikiwa bado nje. Nyingine hujifunza kuziua seli zilizokwisha kuingiliwa. Na chache hubaki kama wazee wa mtaa wenye kumbukumbu ndefu. Kwa kuwa ndui, Mpox na virusi hivi vya chanjo ni ukoo mmoja wenye sura zinazofanana, aliyekariri mmoja humtambua nduguye.

Kwa hiyo, hapana: sindano hii haiwezi kukupa Mpox. Virusi vya Mpox havimo ndani yake, na vilivyomo haviwezi kuongezeka. Utakachopata ni maumivu ya mkono, wekundu, uvimbe na muwasho pale palipochomwa. Wengine huumwa kichwa, misuli au kuchoka siku moja mbili. Ninachouliza kila mara kabla ya kuchoma ni kama mtu amewahi kupata mzio mkali kwa mayai au nyama ya kuku, kwa kuwa chanjo hukuzwa kwenye seli za kuku, au kwa dawa iitwayo gentamaisini. Kama umewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa vitu hivyo, waambie wahudumu kabla hujakunja mkono wa blauzi.

Inakinga kwa kiasi gani? Dozi moja, kabla ya kukutana na virusi, inakadiriwa kukinga kwa asilimia 76. Dozi mbili kwa 82. Si ukuta usiopitika. Waliochanjwa wapo waliougua. Na makadirio hayo mengi yametokana na mlipuko wa mwaka 2022, wa tawi jingine la virusi, katika nchi za mbali na kwetu. Nakwambia hivi ili mtu asikuuzie chanjo kama hirizi.

Shangazi na kizazi. Sitamcheka, kwa sababu hofu hiyo haikuota yenyewe. Wanawake wa pwani hii na kwingineko wameona mengi ya kuwafanya wasiamini kirahisi. Lakini lori lisilo na giaboksi halifiki kwenye mji wa mimba. Majaribio kwa wanyama hayakuonesha madhara kwa uzazi wala kwa vijusi, na hakuna dalili kwa binadamu kwamba chanjo hii inaharibu uwezo wa kushika mimba. Kwa wajawazito wenyewe taarifa ni chache bado, kwa hiyo mjamzito huchanjwa pale tu hatari ya kuambukizwa ni kubwa. Kinachotishia mimba ni ugonjwa. Katika hospitali ya Kole, jimbo la Sankuru nchini Kongo, kati ya mwaka 2007 na 2011 walifuatiliwa wajawazito wanne wenye Mpox; mmoja tu ndiye aliyejifungua mtoto mzima. Wanne ni wachache mno kujengea hesabu, najua, lakini habari za baadaye kutoka Kivu Kusini nazo zimekuwa na mimba zilizopotea. Kwa hiyo mkitaka mtoto mapema, hiyo ni sababu ya kumhimiza mchumba achanjwe kabla ya harusi.

Jambo moja dogo lenye uzito: uliza jina la chanjo. Ipo nyingine ya Kijapani, LC16m8, ya dozi moja, ambayo virusi vyake vimedhoofishwa lakini bado vina uwezo wa kuzaliana. Hiyo haipewi mjamzito wala mtu aliyepungukiwa kinga. Kama unaweza kuwa umeshika mimba, sema.

Sasa kwa nini nasema wewe usubiri? Tufanye hesabu ya kubuni, ya kuelewesha tu. Tuseme katika watu wa mjini wanaoishi kama wewe, 5 kati ya 100,000 wangepata Mpox kwa mwaka. Ukiwachanja wote 100,000 dozi mbili mbili, umetumia dozi 200,000 kuwaepusha watu 4. Chukua dozi hizohizo uwapelekee watu 100,000 ambao kazi yao inawaweka njiani mwa virusi, tuseme 500 kati yao wangeugua. Umewaepusha zaidi ya 400. Dozi zilizofika Afrika Mashariki nyingi ni za msaada na hazitoshi kila mtu. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani haukuwa kuchanja umma mzima bali kuwalenga walio karibu na moto: waliomgusa mgonjwa, wahudumu wa afya, wenye wapenzi wengi, na watu wa barabarani kama mwenzio. Akichanjwa yeye, sehemu kubwa ya hatari yako imepungua bila wewe kuchomwa, kwa kuwa kwa maelezo yako yeye ndiye mlango pekee ambao virusi vingepitia kukufikia.

Lakini kama kituo cha afya kinatoa kwa wenza wa madereva pia na dozi zipo, kubali bila wasiwasi. Mimi ningekubali kwa binti yangu. Mkiugua wote wawili mtakaa ndani wiki mbili hadi nne, na kwa dereva anayelipwa kwa safari huo ni mwezi bila kitu, pengine na makovu usoni kwenye picha za harusi. (Hoja hii ya mwisho, nakuhakikishia, huwageuza vijana kuliko takwimu zangu zote.)

Hesabu yenu ya siku iwe hivi: dozi ya kwanza, kisha ya pili baada ya siku 28, kisha wiki mbili kinga ikomae. Jumla wiki sita. Aanze mapema na apange safari zake ili siku ya 28 imkute mjini na si kwenye foleni ya mpakani. Akichelewa kidogo, achomwe hiyo ya pili akirudi, asianze upya.

Na sasa siku ya kipele. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuambukizwa: homa, kichwa, mgongo, mitoki kuvimba, halafu vipele vinavyojaa maji, kisha usaha, kisha ukoko. Huenda vikaanza sehemu za siri au mdomoni, na huuma. Hapa pwani kila kipele chenye maji huitwa tetekuwanga na mtu huogeshwa majani ya mwarobaini akaachwa. Tetekuwanga huwasha zaidi, vipele vyake huwa vya rika tofauti mahali pamoja, na mitoki kwa kawaida haivimbi hivyo. Ila hata mimi nikiangalia kwa macho naweza kukosea, kwa hiyo kinachoamua ni kipimo cha maabara cha majimaji ya kipele.

Akirudi hivyo, msilale kitanda kimoja, msigawane taulo, na kondomu msiitegemee peke yake kwa sababu haifuniki mapaja wala mikono. Afunike vipele, apige simu kituoni kabla ya kwenda ili wampokee pembeni. Wewe nawe nenda siku hiyohiyo, useme wazi kwamba umemgusa mgonjwa. Hapo jibu langu la "subiri" limekufa: chanjo ikitolewa ndani ya siku 4 tangu mgusano ina nafasi ya kuzuia ugonjwa, na bado inaweza kutolewa hadi siku 14 kama huna dalili, ingawa nguvu yake baada ya mgusano ni ndogo. Mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona ukoko wote ukishaanguka na ngozi mpya kuota. Baada ya hapo tumieni kondomu wiki 12.

Usisubiri nyumbani hata saa moja kama kipele kimeingia jichoni, kama mgonjwa hawezi kumeza au kukojoa kwa maumivu, kama anapumua kwa shida au anachanganyikiwa, au kama wakati huo wewe ni mjamzito. Utafiti mkubwa uliofanywa Kongo juu ya dawa ya tecovirimat ulionesha mwaka 2024 kwamba dawa hiyo haikuharakisha vipele kupona, lakini wagonjwa waliolazwa na kutunzwa vizuri, wawe wameipata au la, walikufa kwa uchache: asilimia 1.7. Maji, chakula, dawa za maumivu na usafi wa vidonda ndivyo vilivyowavusha, na hivyo hospitali ya wilaya inaweza kuvitoa.

Kwa kuwa mnapanga ndoa, pimeni VVU pamoja wiki hii. Mpox humwendea vibaya sana mwenye VVU asiyejijua, na akishajijua na kutumia dawa, MVA-BN anaweza kuchanjwa kama mtu mwingine. Baada ya hapo mpeleke mwenzio kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu na maegesho yao, aulize mambo matatu: chanjo ipo, ni ya jina gani, na dozi ya pili ataipata wapi ikimkuta akiwa Kampala. Akikutana na mtu anayeiuza kwa pesa nje ya kituo, aondoke. Nawe ukipata jibu la hilo swali la tatu niandikie, maana hapo ndipo madereva wengi hupotelea.